UZI: Kumtoa mpangaji kisheria Kenya. Kabla ya kugusa kufuli, jua kwanza yuko chini ya sheria gani

mpwani_ploti (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nasimamia nyumba za watu hapa Mombasa, upande wa Kisauni na Bamburi: maduka ya barabarani, vyumba vya ploti, na fleti chache. Simu ninazopigiwa zaidi ni za wenye nyumba ambao wameshafanya jambo ndipo wanauliza. Mlango umeshang'olewa, mabati yameshaezuliwa au stima imekatwa, na mpangaji naye ameshakwenda kwa wakili. Uzi huu ni wa yule ambaye hajagusa kitu bado. Nyumba ni yako, Katiba inakulinda kwa Kifungu cha 40, na sheria inakupa njia ya kuirudisha mkononi. Ila njia hiyo si moja, na wengi huanguka hapohapo mwanzoni kwa sababu wamefuata njia ya mwenzao.

Kenya kuna njia kuu tatu. Duka, hoteli na mkahawa viko chini ya Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, ile ya wapangaji wa biashara. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Nyumba ya kuishi inayozidi hapo inakwenda kwa mkataba wenu na Sheria ya Ardhi ya 2012. Kila njia ina notisi yake, muda wake na mahali pake pa kupeleka kesi. Mpangaji anaweza kuwa na deni la mwaka mzima na bado ukashindwa, kwa kuwa ulimpa barua ya mwezi mmoja pale sheria ilipotaka miezi miwili na fomu maalum.

Nianze na maduka, maana huko ndiko kwenye machozi.

mpwani_ploti

MADUKA (Sura ya 301)

Watu wengi wanaamini kwamba mpangaji asiye na mkataba wa maandishi hana haki, unamwambia tu "toka mwisho wa mwezi." Kwa duka, ni kinyume kabisa. Mpangaji wa duka asiye na mkataba ulioandikwa analindwa moja kwa moja. Mwenye mkataba wa maandishi wa miaka mitano au chini analindwa pia. Hata mkataba wa miaka kumi, ukiwa na kipengele kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka mitano bila ya kosa, unaangukia humohumo. Ndiyo sababu mawakili wengi huandika mikataba ya maduka ya miaka mitano na miezi mitatu, au sita, bila kipengele cha kuvunja katikati. Mwenye nyumba aliyepangisha kwa maneno ili "asijifunge" amejifunga zaidi kuliko aliyeandika.

Na duka hapa si duka la rejareja peke yake. Saluni, kinyozi, kibanda cha kutoa na kuweka pesa, fundi cherehani, yeyote anayetoa huduma kwa malipo anahesabika.

Notisi yake ni Fomu A, ndiyo fomu iliyowekwa na kanuni. Barua ya kawaida, hata ikiandikwa na wakili kwa karatasi yenye nembo, haitoshi. Lazima utaje msingi unaomtolea, umtake akujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au hakubali, na tarehe ya notisi kuanza kazi isiwe chini ya miezi miwili tangu alipoipokea. Shika hilo la alipoipokea, si ulipoiandika.

Nimewahi kushika mkononi notisi ya mwenye duka la vipuri. Iliandikwa tarehe 1 Machi, mpangaji akatia saini ya kupokea tarehe 10 Machi, na ndani yake imesema aondoke ifikapo 1 Mei. Deni lilikuwepo na ushahidi ulikuwepo. Notisi ikafa kwa siku tisa. Angeandika 1 Juni asingepoteza kitu.

Misingi ya kumtoa imeorodheshwa katika kifungu cha 7, huwezi kubuni wako. Inayotumika sana ni hii: kodi haijalipwa kwa miezi miwili tangu ilipostahili au amekuwa akichelewesha kila mara, ameharibu jengo kwa kutotengeneza anachopaswa kutengeneza, amevunja masharti kwa uzito, unataka kubomoa au kujenga upya na haiwezekani akiwa ndani, au unataka kupatumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Huu wa mwisho una mtego: kama ulinunua jengo ndani ya miaka mitano kabla ya notisi, huwezi kuutumia. Wako wanaonunua jengo Mwembe Tayari leo wakitegemea kufungua duka lao mwezi ujao. Muuzaji hawaambii jambo hili.

Mpangaji akipinga, anapeleka shauri kwenye Tribunali ya Kodi za Majengo ya Biashara, yaani baraza la kuamua migogoro hii, kabla ya tarehe ya notisi kufika. Akishapeleka, notisi inasimama mpaka shauri liamuliwe. Hapo hata kufuli ya kuazima usiitie. Na usipeleke msingi ambao hujajiandaa nao, kwa sababu ukishindwa unaweza kuzuiwa kutoa notisi nyingine kwa msingi uleule kwa miezi 12. Anayesema anataka kubomoa aje na ramani zilizopitishwa na kaunti, na aonyeshe fedha za kujengea ziko wapi.

Ukishinda, amri ya tribunali inaandikishwa kwenye mahakama ya hakimu na kutekelezwa kama hukumu yoyote ya mahakama. Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

mpwani_ploti

NYUMBA ZA KUISHI

Za chini ya 2,500 bado zipo, msidhani zimekwisha. Vyumba vya Swahili vya Likoni na ndani ndani ya Kisauni viko vya bei hiyo. Huko unahitaji amri ya Tribunali ya Udhibiti wa Kodi, na hata ukithibitisha deni, tribunali lazima ijiridhishe kwamba ni haki na ni busara kumtoa. Mama mwenye watoto watatu wanaofanya mtihani mwezi huu anaweza kuongezwa muda, na mimi sioni ubaya wake. Panga tarehe zako ukilijua hilo.

Za juu ya hapo, soma mkataba kwanza. Ukisema notisi ni miezi miwili, ni miwili. Kama hakuna mkataba, au upo lakini hautaji muda wala notisi, kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi kinauhesabu kuwa upangaji wa kipindi kwa kipindi, kwa kufuata kodi inavyolipwa. Anayelipa kila mwezi anapewa notisi isiyopungua mwezi, na notisi hiyo imalizike siku ya kulipa kodi. Sehemu hiyo ya pili watu huiruka. Kodi inalipwa tarehe 1, wewe umempa notisi tarehe 12 Juni: usiandike 12 Julai. Andika 1 Agosti.

Kuna na kifungu cha 60, ambacho kimewaumiza wazee wengi. Mkataba umekwisha, mpangaji hajaondoka, na wewe unaendelea kupokea kodi kwenye simu kwa sababu pesa ni pesa. Ukiipokea kwa miezi miwili baada ya mkataba kwisha, sheria inahesabu mmeanza upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi. Ile hoja yako ya "mkataba uliisha" haipo tena, unaanza notisi upya. Kama kweli unataka nyumba yako, mwandikie kabla ya mwezi wa pili.

Muda wa notisi ukipita na hajatoka, unakwenda mahakamani kutafuta amri ya kumwondoa. Mahakama za mahakimu zina uwezo wa kusikiliza mashauri ya ardhi kulingana na thamani, hadi shilingi milioni 20 kwa hakimu mkuu, kwa hiyo wengi wetu hatuna haja ya kupanda juu zaidi. Msiende na shauri la kumtoa mtu kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Ile ni ya pesa hadi milioni moja, na sheria yake imekataza kesi za kumiliki au kushikilia ardhi.

Maswali karibuni.

Kijana wa Likoni

Shukran kaka kwa darasa. Swali langu: mpangaji ana deni la miezi mitano, fleti ya 18,000. Nimeambiwa nilete madalali wachukue vitu vyake, akiona TV imekwenda ataondoka mwenyewe. Ni sawa?

mpwani_ploti

Kijana, hayo ni mambo mawili tofauti. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, ipo na inafanya kazi. Lakini inakupa pesa, haikupi nyumba. Dalali mwenye leseni anaorodhesha vitu, anampa mpangaji ilani ya kukomboa, asipolipa vinauzwa. Baada ya hapo mpangaji bado ni mpangaji wako, ila sasa hana kitanda.

Na lazima awe dalali mwenye leseni. Vijana wa mtaani wenye mkokoteni wakibeba TV hiyo, jina lake ni wizi, na wewe uliyewatuma umo. Kama ni duka au nyumba ya Sura ya 296, usalama wako ni kupata ruhusa ya tribunali kwanza kabla ya kukamata chochote.

Kwa deni la miezi mitano mimi ningefanya hivi: notisi ya kifungu cha 57 leo, na barua ya madai ya deni kando. Usizichanganye katika karatasi moja yenye matusi na vitisho. Hakimu ataisoma karatasi hiyo.

mama_wa_duka

Mie ni mpangaji, naomba niseme. Mwenye nyumba alipandisha kodi ya duka kutoka 15,000 hadi 40,000 kwa ujumbe wa simu, akasema usipoweza toka. Nilipokataa, asubuhi nikakuta kufuli juu ya kufuli yangu. Bidhaa za maziwa zikaharibika ndani. Nyinyi wenye nyumba mnazungumza kama sisi ndio shida siku zote.

mpwani_ploti

Pole sana mamangu. Hata kupandisha kodi ya duka kunataka notisi ileile ya Fomu A, ya miezi miwili, na una haki ya kuipinga tribunalini. Ujumbe wa simu haukubadilisha kodi yako hata shilingi moja.

Kufuli ile ni kosa, na nasema hivi nikiwa upande wa wenye nyumba. Nenda tribunalini na ombi la dharura ufunguliwe duka, huku umeandikisha taarifa polisi ukapata nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Beba jumbe zote za M-Pesa za kodi uliyolipa, picha za kufuli na orodha ya bidhaa zilizoharibika pamoja na risiti za kununulia. Unaweza kudai hasara hiyo. Na endelea kutoa kodi ya 15,000 kila mwezi kwa njia ileile. Akiirudisha, hifadhi ujumbe wa kurudishwa. Usimpe msingi wa kodi kuchelewa.

mama_wa_duka

Ahsante. Hilo la kuendelea kulipa sikulijua, nilikuwa nimesimamisha.

Mzee Mtwapa

Vijana, mnayosema ni mazuri kwenye karatasi. Mimi nina nyumba nne, nimestaafu, kodi ndiyo chakula changu na dawa zangu. Mpangaji wa duka amepeleka shauri tribunalini, kesi inaahirishwa, yeye anakaa bure. Akishindwa anakata rufaa. Mnataka nile nini? Zamani ulikwenda kwa chifu, mnakaa chini ya mwembe, yanakwisha.

mpwani_ploti

Shikamoo mzee. Uchungu wako ni wa haki, na sitaki kuufunika. Kesi huchukua muda, na kuna wapangaji wanaojua hivyo na kuutumia.

Lakini kukaa tribunalini si ruhusa ya kutolipa. Mwambie wakili wako aombe amri kwamba mpangaji alipe kodi ya kila mwezi, na deni alilipe kwa awamu, wakati shauri likiendelea. Akiivunja amri hiyo, hoja yake ya kubaki inadhoofika sana. Wenye nyumba wengi hukaa kimya wakisubiri hukumu, na deni linaota.

Chifu bado ana nafasi yake, mzee wangu. Hawezi kutoa amri ya kumfukuza mtu, na polisi hawana haki ya kuja kumtoa mpangaji kwa maneno yako au ya chifu bila amri ya mahakama. Ila chifu anaweza kuwakalisha mkaelewana, na maelewano ni njia ninayoipenda kuliko zote. Mpangaji mwenye deni la 90,000 ambaye hana kitu, hutazipata 90,000 hizo. Ukimsamehe 60,000, akakulipa 30,000 kwa awamu na kukuachia funguo tarehe fulani, umeshinda miezi mingi. Muhimu ni kwamba liandikwe, lisainiwe na mashahidi, tarehe ya funguo itajwe, na kama kesi iko tayari mahakamani, makubaliano yapelekwe yawe amri ya mahakama. Akigeuka siku ile, huanzi kesi mpya, unatekeleza amri.

wakili_mdogo

Naongezea kwa mwanzisha uzi, maana nimeona kesi zikikwama hapa. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe, pamoja na faini. Kwa upangaji wa hadi miaka mitatu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, zaidi ya hapo asilimia 2. Fleti ya 20,000 kwa mwezi ni kodi ya 240,000 kwa mwaka, ushuru wake 2,400. Watu wanaukwepa huo halafu wanashindwa kuonyesha kipengele cha notisi siku ya kesi.

Jambo jingine: kama mkataba wako ni wa muda maalum na unataka kuuvunja katikati kwa kosa la mpangaji, Sheria ya Ardhi inakutaka kwanza umpe notisi inayotaja kosa hilo, na muda wa kulirekebisha kama linarekebishika. Huwezi kuruka moja kwa moja kwenye kumtoa. Na mahakama ina uwezo wa kumwokoa mpangaji akirekebisha.

mpwani_ploti

Ahsante wakili, hilo la stempu nilipaswa kuliweka juu kabisa.

bila_shamba

Salaam. Hali yangu ni ya kwetu pwani. Marehemu babu alikuwa na kiwanja Majengo, akaruhusu watu wajenge nyumba zao za Swahili na kulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba zao, ardhi yetu. Sasa warithi tunataka kiwanja. Hao ni wapangaji au ni nini? Tuwape notisi ya mwezi?

mpwani_ploti

Hapo umegusa donda la Mombasa. Nyumba bila shamba hazifanani na chumba cha kupanga, kwa sababu mali iliyo juu ya ardhi ni yake. Mahakama zetu za pwani zinautambua mpango huo kuwa ni wa pekee: mtu amejenga kwa idhini ya mwenye ardhi na analipa ili nyumba yake ibaki pale. Kumpa mwezi mmoja avunje nyumba aliyozaliwa ndani yake ni kutafuta kesi na kutafuta fujo mtaani.

Kwanza maliza urithi. Kama hati bado ni ya marehemu na hamjapata hati ya usimamizi wa mirathi, hakuna hata mmoja wenu mwenye mamlaka ya kutoa notisi. Kesi nyingi za familia huanguka hapo. Pili, tafuteni kumbukumbu za kodi ya ardhi: madaftari ya babu, risiti za zamani, jina la aliyelipa mara ya mwisho. Tatu, keti na kila mwenye nyumba kwa zamu, mkiwa na mthamini. Wako watakaokubali kununua kipande walichojengea, wako watakaokubali fidia ya nyumba waondoke. Atakayebaki ndiye mtakayempelekea wakili, na awe wakili aliyeshika mashauri ya namna hii hapa Mombasa.

bila_shamba

Hati bado ni ya babu. Basi tuna kazi. Ahsante sana.

keretaka_wa_Bamburi

Mpangaji ameondoka, simu imezimwa, miezi mitatu sasa, vitu viko ndani. Bosi anasema nivunje mlango tupangishe. Nivunje?

mpwani_ploti

Usivunje peke yako, ndugu yangu, hata bosi akikupigia mara kumi. Siku mpangaji atakaporudi na kusema kulikuwa na laki mbili chini ya godoro, ni wewe utakayeshikwa, si bosi. Mwambie bosi apeleke notisi kwa njia zote: ibandikwe mlangoni na ipigwe picha, itumwe kwenye simu yake, kwa posta ya rejista kwenye anwani aliyoiandika, na kwa ndugu aliyetajwa kwenye mkataba. Taarifa iandikishwe polisi. Halafu aombe amri ya mahakama kufungua na kuhifadhi vitu. Mlango ukifunguliwa, pawe na mashahidi na orodha ya kila kitu, sahani kwa sahani, iliyosainiwa na wote waliokuwepo.

Kijana wa Likoni

Nimeandika notisi kama ulivyosema. Kodi yake ni tarehe 5. Leo tarehe 28. Nimpe nani kama yeye hayupo, yuko mke wake tu?

mpwani_ploti

Angalia kwanza mkataba unasema nini juu ya kupeleka notisi. Kwa maduka, Sura ya 301 inakubali kumkabidhi mtu mzima wa familia yake, mfanyakazi aliye hapo, au posta ya rejista. Kwa fleti yako mpe mke wake, atie saini na tarehe kwenye nakala yako. Akikataa kusaini, andika palepale jina lake, saa, na shahidi uliyekwenda naye, na jioni hiyohiyo mtumie mumewe picha ya notisi kwenye simu.

Tarehe: ukimpa leo 28, mwezi mzima unafika 28 ijayo, na siku ya kodi inayofuata ni tarehe 5 ya mwezi wa baada yake. Andika hiyo tarehe 5. Kodi ya kipindi hicho cha notisi mpokelee na umpe risiti iliyoandikwa ni ya mwezi gani.

Kijana wa Likoni

Sawa kaka. Nakwenda saa kumi na moja jioni na jirani yangu kama shahidi.

mpwani_ploti

Chukua nakala mbili, na kalamu yako mwenyewe.